Stima Chafu Yaweza Kuunguza Mota: Somo Juu ya Machujio ya Stima



Stima ikifika kijijini watu hushangilia, na ni haki yao. Mama hatembei tena mwendo mrefu na debe la mahindi kichwani, maana kisiagi kiko karibu. Pampu inavuta maji ya kisima. Lakini mashine hizo zimenunuliwa kwa jasho: shilingi za kila wiki, mkopo, na harambee. Mota moja ikiungua, kazi ya miaka inaweza kusimama. Ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni stima chafu.

SHABAHA YA SOMO

Baada ya somo hili kikundi kiweze:
(a) kutambua dalili za stima chafu;
(b) kueleza kwa nini kapasita peke yake si chujio;
(c) kumwuliza fundi maswali yanayofaa kabla ya kutoa pesa.

MFANO WA KIKUNDI KIMOJA

Tutumie mfano. Kikundi hiki tumekitunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yake ndiyo yanayowapata watu.

Kikundi kina kisiagi chenye mota mbili karibu na soko. Kinapata stima kutoka kwa transfoma ndogo ya kVA 50. Kwa miaka mitatu hapakuwa na shida. Kisha wakachimba kisima, wakafunga pampu inayoendeshwa na draivu, yaani lile sanduku linaloongeza na kupunguza mwendo wa mota. Baadaye fundi mmoja akawashauri wafunge kapasita ya kVAr 25, akisema itapunguza mkondo unaovutwa kutoka kwa transfoma. Hakusema uongo, kwa sababu kapasita hufanya hivyo. Wakafunga.

Haikupita miezi miwili, mota moja ya kisiagi ikaungua. Ikapelekwa mjini kusukwa upya. Ikarudi, ikaungua tena. Ndipo mwenyekiti akamwita fundi mwingine, mzee wa kazi hiyo.

"Fundi, mota hii imesukwa upya juzi tu," mwenyekiti akamwambia. "Pesa ya kikundi imekwisha. Tumekosea wapi?"

"Pole, mama. Hebu niambie, mota inapata moto siku zote?"

"Siku zingine inafanya kazi vizuri kabisa."

"Siku gani?"

Mwenyekiti hakujua. Lakini mweka hazina alikuwa na daftari la kisiagi, ambamo aliandika kila siku magunia yaliyosagwa na saa mashine iliposimama. Akalifungua. Wakaona kwamba kila siku mota iliposimama kwa moto ilikuwa Jumatatu, Jumatano au Ijumaa. Hizo ndizo siku za kupiga maji ya kisima.

"Basi, mama," fundi akasema, "ugonjwa si wa mota. Ni wa stima inayoifikia mota."

1. STIMA SAFI NI IPI?

Stima ya laini hapa Kenya ni volti 240 kwa fezi moja, na volti 415 kati ya fezi na fezi. Haisukumi upande mmoja kama betri. Inapanda, inashuka, inageuka upande wa pili, inarudi. Hufanya hivyo mara 50 kila sekunde, nasi husema ni hezi 50. Wimbi moja zima huchukua milisekunde 20 tu. Stima safi ni ile ambayo wimbi lake linapanda na kushuka kwa ulaini, kama kilima kisicho na mawe.

Fikirini kwaya. Watu wote wanaimba kwa mwendo mmoja, na wimbo unapendeza. Halafu mtu mmoja huko nyuma anaanza kuimba maneno yale yale kwa mwendo wa mara tatu. Mwingine anaimba kwa mwendo wa mara tano, na mwingine mara saba. Wimbo wa asili bado upo, lakini umechafuka.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa stima. Juu ya wimbi la hezi 50 hupanda mawimbi mengine madogo ya hezi 150, 250, 350 na kuendelea. Mafundi huyaita hamoniki. Lile la hezi 150 ni hamoniki ya tatu, maana 50 mara 3 ni 150. La 250 ni ya tano, la 350 ni ya saba.

2. UCHAFU UNATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani stima chafu inatoka kwa kampuni ya stima. Mara nyingi inatoka kwetu wenyewe, katika mashine zetu.

Pasi, balbu ya zamani ya waya na mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini hunywa stima polepole kufuatana na wimbi. Lakini draivu, chaja, televisheni, kompyuta na balbu za LED hazinywi hivyo. Kwanza huigeuza stima iwe kama ya betri. Huvizia wimbi mpaka likaribie kilele, hupiga funda moja kubwa, kisha hunyamaza mpaka kilele kinachofuata. Kunywa huko kwa mafunda ndiko kunakozaa hamoniki.

Kila kifaa kina uchafu wake. Vifaa vya fezi moja huleta zaidi hamoniki ya tatu. Draivu ya fezi tatu huleta zaidi ya tano na ya saba, halafu ya kumi na moja na ya kumi na tatu.

Je, kila mwenye draivu aogope? Hapana. Fikirini moshi wa kuni. Ukiwasha kuni uwanjani, moshi unakwenda zake. Ukiwasha kuni hizo hizo katika jiko dogo lisilo na dirisha, wote mtatokwa na machozi. Transfoma kubwa ni kama uwanja. Transfoma ndogo, laini ndefu yenye waya mwembamba, au jenereta ya kikundi, ni kama jiko dogo. Hapo uchafu wa mkondo wa mashine moja hugeuka kuwa uchafu wa volti ya kila mtu.

3. DALILI ZAKE

(a) Mota inapata moto ingawa kazi haijaongezeka. Hamoniki ya tano hujaribu kuizungusha mota kinyumenyume. Mota haigeuki, kwa kuwa wimbi la msingi lina nguvu zaidi, lakini ugomvi huo hubaki ndani yake kama joto.

(b) Transfoma inanguruma kwa sauti ya juu kuliko zamani na inapata moto.

(c) Kapasita inavimba, inavuja au inapasuka. Fyuzi zake zinakatika bila sababu inayoonekana.

(d) Waya wa nyutro unapata moto. Hili lahitaji maelezo, kwa kuwa laweza kuchoma nyumba.

Mmewaona akina mama watatu wakitwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja anateremsha mchi kwa zamu yake, na michi haigongani. Fezi tatu hufanya kazi hivyo. Zikiwa sawa, mikondo yake hufutana kwenye nyutro, na nyutro hubaki karibu bila mzigo. Sasa tuseme kila mama aongeze pigo lake dogo, mara tatu katika kila mzunguko. Mtaona kwamba mapigo hayo madogo hayapishani tena. Yote matatu yanaanguka kwa wakati mmoja. Ndivyo hamoniki ya tatu ilivyo. Haifutani kwenye nyutro, inajumlishana.

Chukueni jengo lenye balbu za LED na kompyuta nyingi, ambalo kila fezi ina ampea 10 za wimbi la msingi na ampea 4 za hamoniki ya tatu. Mtu aliyesawazisha fezi zake atafikiri nyutro haina kitu. Kumbe ina 4 na 4 na 4, yaani ampea 12. Kama fundi alitia waya mwembamba kwenye nyutro, waya huo unapikwa kila siku ndani ya ukuta. Na nyutro ikikatika, vifaa vya fezi moja vinaweza kupata volti nyingi kupita 240, hata kukaribia 415. Vitaungua, na moto unaweza kuanza.

Lakini tahadhari. Msikimbilie kulaumu hamoniki. Mota huweza pia kupata moto kwa sababu fezi moja imekatika, volti ni ya chini, beringi zimekwisha, mkanda umekazwa mno au skrubu imelegea. Chunguzeni hayo kwanza, kwa maana ni rahisi na hayana gharama kubwa.

4. KAPASITA PEKE YAKE SI CHUJIO

Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea, kwa hiyo tusome polepole.

Mmeona mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo ovyo, hafiki mbali. Ukimsukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, anapanda juu mpaka unaogopa. Kapasita na transfoma zikiungana hufanya bembea ya namna hiyo. Bembea hiyo ina mwendo wake. Ikitokea kwamba mwendo huo ni sawa na wa hamoniki iliyopo, uchafu mdogo hukuzwa ukawa mkubwa.

Twende kwenye kikundi chetu cha mfano. Kibao cha transfoma kinasema kVA 50, na kizuizi cha ndani asilimia 4.

Gawanya 50 kwa 0.04. Unapata 1250.
Gawanya 1250 kwa ukubwa wa kapasita, 25. Unapata 50.
Tafuta kipeuo cha pili cha 50. Unapata 7.07.

Maana yake bembea yao iko karibu kabisa na hamoniki ya saba, ile ya hezi 350. Draivu ya pampu nayo hutoa hamoniki ya saba. Ndiyo kusema siku za maji draivu ilikuwa inasukuma bembea kwa wakati wake. Volti ikachafuka, na mota ya kisiagi ikapikwa. Draivu bila kapasita ile isingeleta madhara makubwa hivyo. Kapasita bila draivu isingeleta shida yoyote. Zilipokutana, mota ikaungua mara mbili.

Kwa hiyo, kama mna draivu au mashine nyingine za namna hiyo, msikubali kufungiwa kapasita tupu kabla hesabu hii haijafanywa.

5. AINA ZA MACHUJIO

Kwanza tuelewe vitu viwili vinavyounda machujio mengi.

Koili ni waya uliozungushwa, mara nyingi juu ya chuma. Hiyo ni kama matuta ya barabarani. Anayekwenda polepole anavuka bila taabu, lakini anayekimbia anazuiwa. Koili hupitisha hezi 50 kwa urahisi, lakini kwa hezi 250 kizuizi chake ni mara tano zaidi.

Kapasita ni kinyume chake. Inawafungulia njia wanaokimbia. Kwa hezi 250 kizuizi chake ni sehemu ya tano tu ya kile cha hezi 50.

Mkifahamu hayo mawili, machujio yote mtayafahamu.

Chujio la kwanza: koili mbele ya draivu. Hili ndilo rahisi, na hufaa vikundi vingi. Koili hufungwa kwenye waya zinazoingia katika draivu. Hulazimisha draivu inywe polepole badala ya kupiga mafunda. Koili ya asilimia 3 hadi 5 kwa kawaida hushusha uchafu wa mkondo wa draivu ndogo hadi karibu asilimia 35 au 40, ambapo bila koili unaweza kupita asilimia 50 kwa mbali. Draivu nyingine huja na koili ndani tayari. Ulizeni kabla ya kununua.

Chujio la pili: kapasita yenye koili ya kuihamisha bembea. Hili ni la wale wanaohitaji kapasita na pia wana draivu. Koili ya asilimia 7 hufungwa mfululizo na kapasita, na bembea yao wawili huhamia hezi 189. Huko hakuna hamoniki ya draivu, kwa kuwa ya kwanza iko hezi 250. Chujio hili halikusudiwi kusafisha sana. Kazi yake ni kuzuia uchafu usikuzwe. Lakini angalieni: koili hiyo huongeza volti juu ya kapasita, kutoka 415 hadi karibu 446. Kwa hiyo kapasita iwe imetengenezwa kwa volti 480 au zaidi. Msifunge koili kwenye kapasita ya zamani ya volti 415 mkadhani mmemaliza.

Chujio la tatu: mfereji wa pembeni. Hapa koili na kapasita hupimwa ili zifunguke kwa hamoniki moja. Kizuizi cha koili hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na cha kapasita hushuka. Mahali vinapolingana hufutana, na njia hubaki wazi. Hamoniki hiyo, badala ya kwenda kwa transfoma na majirani, hupita kwenye mfereji huo. Kwa hamoniki ya tano mafundi hawalengi hezi 250 kamili. Hulenga chini kidogo, kama hezi 235. Sababu ni kwamba kapasita hupungua nguvu ikizeeka, na hapo kipimo hupanda. Kwa mfano wa fundi: kapasita ya mikrofaradi 100 na koili ya milihenri 4.6 hufika karibu hezi 235.

Ubaya wa mfereji ni kwamba haujui uchafu wa nani. Unaweza kuvuta hata uchafu wa jirani mpaka ukazidiwa. Kwa hiyo hauwekwi kwa kukisia. Lazima upimaji ufanywe kwanza.

Chujio la nne: linalojibu lenyewe. Hili ni sanduku la elektroniki linalopima uchafu wakati wote na kutoa mkondo wa kinyume ili vifutane. Linafanya kazi nzuri na linafuata mashine zikibadilika. Lakini bei yake ni ya viwanda na hospitali kubwa. Kikundi kisidanganywe kulinunua kama koili ingetosha.

Kwa hamoniki ya tatu kwenye nyutro, dawa ya kwanza ni waya. Nyutro iwe nene kama fezi au zaidi, na isifungwe fyuzi yake peke yake.

6. HESABU NDOGO YA KUPIMA UCHAFU

Si lazima kila mwanachama ajue hesabu hii, lakini wawili watatu waijue, ili mtu asiwasomee tarakimu wasizozielewa.

Tuseme mita inaonyesha mkondo wa pampu hivi: wimbi la msingi ampea 20, hamoniki ya tano ampea 8, ya saba ampea 6.

8 mara 8 ni 64. 6 mara 6 ni 36. Jumla ni 100. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Gawanya 10 kwa 20. Uchafu wa mkondo ni asilimia 50.

Na waya unabeba kiasi gani kwa jumla? 20 mara 20 ni 400. Ongeza 100, upate 500. Kipeuo chake ni karibu 22.4. Kwa hiyo waya unabeba ampea 22.4, ingawa wimbi lililo na faida ni 20 tu. Hiyo ziada ni joto.

Baada ya kufunga koili, tuseme ya tano imeshuka hadi ampea 6 na ya saba hadi 3. 36 na 9 ni 45, kipeuo chake ni 6.7. Uchafu sasa ni karibu asilimia 34. Mnaona faida.

Msichanganye uchafu wa mkondo na wa volti. Mkondo ni wa mashine yako, volti ni ya wote. Kanuni ya wahandisi wa IEEE namba 519, ya mwaka 2014 na ya 2022, inasema kwamba pale mteja anapoungana na laini ya volti isiyozidi 1000, uchafu wa volti usizidi asilimia 8 kwa jumla, na hamoniki moja isizidi asilimia 5.

7. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1. Wekeni daftari. Andikeni saa, mashine zilizokuwa zikifanya kazi, na dalili. Katika mfano wetu daftari la mweka hazina ndilo lililofichua shida. Halikununuliwa kwa bei kubwa.

Hatua ya 2. Jaribuni kwa kuzima. Zimeni mashine moja moja kwa utaratibu. Ikiwa mngurumo wa mota unapungua pampu inapozimwa, mmepata njia ya kufuata.

Hatua ya 3. Pimeni. Mita ya kubana ya bei rahisi hudanganya wimbi likiwa chafu. Mara nyingi husoma chini ya ukweli. Fundi awe na mita yenye alama ya TRMS. Kwa kujua hamoniki moja moja, yahitajika mita ya ubora wa stima. Hiyo msinunue. Mtafuteni mhandisi aliye nayo. Vikundi viwili vitatu mkichanga, gharama inapungua.

Hatua ya 4. Safisheni pale uchafu unapotoka. Chujio liwe karibu na mashine inayochafua. Anayechafua mto hasafishi maji kwa kununulia kila jirani mtungi wa kuchujia.

Hatua ya 5. Pimeni tena baada ya kufunga. Malipo ya mwisho ya fundi yangoje kipimo hicho, na mwandikiane hivyo tangu mwanzo.

Kikundi chetu cha mfano kilifanya nini? Kwanza walitoa kapasita siku ile ile, na mota ikapoa. Pili walifunga koili mbele ya draivu. Tatu, pesa zilipopatikana, walirudisha kapasita, lakini mpya, ya volti za juu, ikiwa na koili yake ya asilimia 7. Gharama ya koili walilinganisha na gharama ya kusuka mota mara mbili na siku ambazo kisiagi kilifungwa. Hawakuhitaji kushawishiwa.

8. VIKUNDI VYENYE SOLA NA JENERETA

Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la mraba au la ngazi, si wimbi laini. Wimbi la mraba kamili lina uchafu wa karibu asilimia 48. Balbu inaweza kuvumilia. Mota ya friji ya maziwa au ya chanjo hupata moto. Inveta ya wimbi laini ina chujio la koili na kapasita ndani yake. Kwa kazi ya friji, nunueni hiyo, hata kama ni ghali.

Kapasita ya kurekebisha mkondo isifungwe kamwe upande wa kutokea wa draivu wala wa inveta. Itaharibu kifaa.

Wenye jenereta wakumbuke lile jiko dogo. Draivu ambayo haikuleta shida kwenye laini inaweza kuleta shida kwenye jenereta.

9. USALAMA

Kapasita huweka stima hata baada ya swichi kuzimwa. Inaweza kuua mtu aliyedhani mambo yamekwisha. Kapasita nzuri huwa na rezista ya kuimaliza stima hiyo, na kanuni za kimataifa hutaka volti ishuke hadi 75 au chini katika dakika 3. Hata hivyo rezista huweza kukatika. Zimeni, fungeni swichi kwa kufuli, ngojeni dakika 5, kisha fundi apime kabla ya kushika. Asitumwe kijana wa kikundi "kuangalia tu."

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Hapa Kenya leseni hizo hutolewa na EPRA. Mwombeni awaonyeshe yake, kwa adabu. Fundi wa kweli hakasiriki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mashine zipi katika kikundi chetu zinazonywa stima kwa mafunda?
2. Je, tuna kapasita? Nani aliifunga, na alifanya hesabu gani?
3. Kibao cha transfoma yetu kinasema kVA ngapi? Fanyeni hesabu ya sehemu ya 4 pamoja na fundi.
4. Waya wa nyutro katika jengo letu ni mnene kama fezi?
5. Daftari la mashine lipo? Nani analiandika, na nani analisoma?
6. Kama uchafu wetu unaharibu mashine ya jirani, wajibu wetu ni upi?

Swali la mwisho tunaomba msiliruke. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kiungo kimoja kikiumia, mwili wote huumia. Laini ya stima ni hivyo hivyo. Pampu yenu, friji ya zahanati na cherehani ya mjane aliye mwisho wa laini zinakunywa kutoka transfoma moja. Mkisafisha stima yenu, mmewasaidia na wao, hata kama hawatajua ni nani aliyewasaidia.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.